Mukono wa Chérie

Uvira, Mulongwe, tarehe 7 Januari 2024

Kwako Shangazi Geneviève,

Jambo sana, Shangazi, na heri ya mwaka mupya. Huku tumeamka, na kupumua tunapumua. Achille ametoa jino la tatu, sasa kila nikimnyonyesha ananiuma, nami namwambia, "Baba, hii ni titi, siyo mufupa." Protais anakusalimu. Bado anabeba mizigo kule Kavimvira, mpakani, na akirudi analala kabla sijamaliza kumuuliza habari. Maji ya muto hayajatuingilia, ila kwa jirani yamefika mulangoni. Muguu wako unaendeleaje? Na kuku zako, zinataga?

Najua utajiuliza kwa nini naandika wakati simu iko. Simu yako, Shangazi, ni ya nyumba nzima. Ukiweka sauti kubwa hata jirani anaitika. Hili nataka ulisome peke yako. Bahasha nimeishona kwa uzi, na Mama Candide ataibeba ndani ya kapu lake la nyanya. Akishuka tena sokoni ataniletea jibu.

Ni habari ya Noella.

Alipokuja kwangu Noeli, nilimsuka. Alikaa kati ya magoti yangu kama zamani, nikamshika mukono hapa juu ili ageuke. Shangazi, kidole changu cha gumba na kile cha kati vilikutana. Nilidhani nimeshika vibaya, nikashika tena. Muntu wa miaka kumi na nane! Kutoka mutoni na ndoo moja alipumzika mara mbili. Nikamvuta kope la chini, ndani peupe kama bugali.

Nikamuuliza, "Mudogo wangu, kule munakula nini?" Akacheka. "Tunakula, Yaya." "Munakula nini?" "Chakula."

Mama Candide anasema wale reko, wanaopita nyumba kwa nyumba kwa mambo ya afya, watafika kwenu mwezi huu kupima vijana, tangu miaka kumi na tano mpaka ishirini na minne. Wanazungusha utepe kwenye mukono, wanauliza jana ulikula nini. Aliyepungua anapewa kadi ya maharagi na mafuta, na anatumwa kituo cha afya wamuangalie damu. Nakuomba umpeleke Noella. Ni hilo tu. Kabla ya mambo ya Sévère na posa yake, apimwe. Minye najua sababu.

Ni minye mutoto wako,
Victoire


Kwetu, uwanda wa Ruzizi, tarehe 30 Januari 2024

Mutoto wangu Victoire,

Barua yako ilifika na nyanya mbili zimeipasukia, kwa hiyo heri ya mwaka mupya nimeisoma ikiwa nyekundu. Muguu ni uleule. Mvua ikitaka kunyesha, unaniambia mbele ya redio. Kuku ziko tisa na zinataga vizuri. Mayai yanaenda Kavimvira kila wiki, yanarudi sahani. Wakwe watakuja baada ya Pasaka, na nyumba hii haitaazima sahani kwa muntu. Za maua, Victoire, siyo za bati.

Habari ya Noella: reko walikuja, walikaa siku tatu kwenye kiwanja cha kanisa. Siku ya kwanza, Alhamisi, jina lake liliitwa. Mukono, santimetre ishirini na saba. Ishirini na saba! Kijana wa utepe alisema, "Huyu muzima kabisa." Walimuuliza jana alikula nini: samaki, maharagi, yai, avoka, maziwa. Kijana aliandika mpaka mustari ukaisha. Basi lala usingizi.

Na nikuambie, Mama Achille. Nyumba ya babu yako haijawahi kuandikwa kwenye karatasi ya njaa. Siyo wakati wa vita, siyo mwaka ule muto ulikula mashamba. Tulipokosa, tuliweka maji matupu motoni ili moshi utoke kwetu kama kwa wengine. Weye ulilelewa hapa, ukatoka hapa kwenda kuolewa, na hukufa.

Umeuliza tunakula nini. Minye sijakuuliza sufuria yako ya huko muji ina nini. Muntu hafunui sufuria ya mwenzake. Na unasema unajua sababu. Sababu gani? Ulizaa salama, uliniandikia kwa mukono wako.

Sévère ni kijana mutulivu, ana shamba la mupunga, hanywi. Usituharibie kwa vidole vyako vya kupimapima.

Umbusu Achille.

Shangazi yako,
Geneviève


Mulongwe, tarehe 4 Februari 2024

Shangazi,

Jambo. Achille anahara tangu juzi lakini ananyonya. Protais iko. Salamu zimeisha, leo sina zingine.

Ishirini na saba? Kati ya Noeli na siku ile ulimfanya nini, ulimjaza hewa kwa pompi ya baiskeli?

Mama Candide alipoleta barua yako nilimkalisha. Nikamwambia, "Mama, weye uko muntu wa kanisa. Siku ile ulikuwa unauza nyanya palepale. Noella alipimwa?" Akaangalia nyanya zake. "Jina lake liliitwa." Nikasema, "Sikuuliza jina." Akaanza kuzipanga nyanya moja moja, kubwa chini, ndogo juu. Mwisho akasema, "Binti, usinitie kwenye meno ya shangazi yako. Aliyesimama alivaa kitenge cha Noella."

"Nani?"

"Chérie."

Chérie wa jirani! Chérie anayepika kwenye restora ya barabarani, pale madereva wa malori wanapokula nyama! Kila siku analamba muchuzi na kuvunja kichwa cha samaki. Huyo hakudanganya, Mungu wangu. Walipomuuliza jana alikula nini, alisema kweli tupu. Weye uliazima mukono wa muntu kama watu wanavyoazima jembe. Sasa kadi ya Noella iko wapi? Na damu wataangalia ya nani, ya Chérie?

Usidhani nimesahau nyumba hiyo. Mama alipokufa nilifika kwako nina miaka tisa, Noella mgongoni ana minne. Kila asubuhi niliokota mayai yangali ya moto, nikayaweka kwenye shavu kwanza ndipo nikuletee. Sikula hata moja mpaka naolewa. "Musichana akionja yai atazoea, na aliyezoea nani atamuoa?" Firigisi ya mwanaume, paja la mugeni, sisi shingo na muchuzi. Kwa shingo nakushukuru, Shangazi, siyo masimango. Hukutuzaa, na ulitufunika shuka moja na weye. Lakini yule mutoto anaisha mbele ya macho yako na weye unahesabu maua ya sahani.

Usinijibu habari ya aibu. Umutume Noella kwangu Jumamosi pamoja na Mama Candide. Asipokuja, nitajua umechagua nini.

Victoire


Mulongwe, tarehe 25 Februari 2024

Shangazi,

Jumamosi tatu. Mama Candide ameshuka na nyanya, ameshuka na vitunguu, ameshuka na salamu za watu nisiowajua. Noella hakushuka, na barua hakuna.

Achille amepona. Jana nilipika, nikapakua, kisha nikakuta sahani zimeoshwa na sikumbuki kama nilikula.

Victoire


Kwetu, tarehe 5 Machi 2024

Mama Achille,

Barua mbili za kwanza nilizoandika niliziwashia moto wa chai. Hii ya tatu ndiyo yenye adabu, basi uielewe hizo zingine zilivyokuwa.

Unasema nimechagua sahani. Sikia sasa. Siku ile benchi zilijaa. Wanaita jina kwa sauti, unasimama mbele ya watu wote, wanakupandisha nguo mpaka begani, utepe unazunguka, na kijana anapiga kelele, "Kijani! Manjano! Nyekundu!" ili mwenzake wa mezani aandike. Kama dalali sokoni. Na benchi ya mbele nani amekaa? Mama Sévère. Namuona anaangalia mikono ya wasichana vile muntu anavyochagua mihogo: huu umeoza, huu mwembamba, huu tuone.

Ningefanya nini? Aitwe nyekundu mbele ya mukwe? Chérie alikuwa anapita kwenda kazini. Nilimvuta nyuma ya kanisa, nikamvua Noella kitenge, nikamvisha yeye, na Noella nikamrudisha nyumbani amejifunga shuka yangu. Mama Sévère hakusema neno, Mungu alimziba macho. Hiyo ndiyo dhambi yangu. Nilimficha mutoto asidharauliwe.

Na kuna kitu hukuandika, weye unayekumbuka kila kitu. Firigisi ya mwanaume, umeandika. Paja la mugeni, umeandika. Shingo yenu. Na yangu ilikuwa nini? Miaka uliyokaa kwangu, uliona nakula nini? Fikiri. Hukuona kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuona. Nilikuwa naosha sufuria, basi. Hakuna muntu amewahi kuniuliza, na weye pia hukuuliza.

Tena Mama Candide mudomo wake unafungukia pande mbili. Anasema kwako alipewa chai na ndizi, na weye ulisema "nimeshiba" mara tatu bila kugusa. Anasema pete yako ya ndoa umeizungushia uzi isianguke. Nani amekupima weye?

Noella haji. Tunapalilia mupunga.

Geneviève


Mulongwe, tarehe 10 Machi 2024

Shangazi wangu,

Jambo, na leo ni jambo la kweli. Muguu wako unaumaje na mvua hizi? Achille anasimama akishika ukuta, halafu anajipigia makofi anaanguka. Protais amepata vidonda mabegani, namkanda kwa maji ya chumvi.

Habari ya pete ni kweli. Na kweli sikukuuliza. Niliisoma ile mistari yako nimesimama, ikabidi nikae.

Basi uliza na minye nitajibu. Jana asubuhi nilikunywa chai bila sukari. Muchana sikuweka kitu. Jioni bugali na majani ya lengalenga bila mafuta. Ndagala za ziwani zilikuwa kiganja kimoja: nyingi nilimpa Protais juu anabeba mizigo, zilizobaki nikamsagia Achille. Juzi ilikuwa vilevile. Hakuna aliyenikataza, Shangazi. Protais husema, "Na yako?" nami namwambia nilishakula jikoni. Huu mukono wangu wenyewe unakataa kunipakulia. Uliufundisha weye bila kusema neno, na weye nani alikufundisha?

Sasa ile sababu. Nilikuandikia, "Tumezaa salama." Siyo kweli. Achille alitoka muzima, lakini damu yangu haikukatika. Muganga alinivuta kope kama vile nilivyomvuta Noella, akamuuliza Protais kwa hasira, "Huyu mulikuwa munamlisha nini?" Protais, maskini, akasema, "Chakula." Walimtoa damu yeye, na damu nyingine ikatoka kwa muntu ambaye hata jina lake silijui. Siku mbili sikumuona mutoto. Niliposhika kalamu nikaandika salama, juu sikutaka ijulikane kwamba mutoto wa nyumba yako alifika kuzaa akiwa mutupu. Uongo wako na uongo wangu ulipikwa jiko moja.

Lakini usidhani hasira imeisha. Bado iko na ni nyingi, haikutoshi weye peke yako. Tunakaa kati ya ziwa na uwanda. Samaki anapita mikononi mwetu, yai linapita, maziwa yanapita, vyote vinavuka mupaka, sisi tunabaki na harufu kwenye vidole. Halafu wanakuja watu na utepe, wanatuuliza tulikula nini, na sisi tunawaambia tumeshiba! Tunawafungia mulango wenyewe!

Noella akiolewa baada ya Pasaka, mwaka kesho mwanzoni atakuwa anazaa. Kwa damu ile. Huko nani atatoa yake?

Mama Candide anasema reko wanarudi kwenu kupima tena Alhamisi tarehe 21. Nitakuja, na Achille mgongoni. Jina la Noella likiitwa, atasimama Noella. Mama Sévère akae benchi ya mbele, na akitaka nimletee kiti. Wakimaliza naye, nitapandisha nguo yangu wanipime minye. Unaweza kujifungia ndani na sahani zako, unaweza kuja. Nakupenda, ndiyo maana siombi ruhusa.

Victoire


Kwetu, tarehe 26 Machi 2024

Mutoto wangu Victoire,

Tulisikia mvua ilikata barabara na magari yote yalirudi. Ulifanya vizuri kurudi, mutoto mugongoni siyo wa kuvusha kwenye maji. Pole na njia.

Tulikungojea mpaka saa nne. Sikufichi, moyoni nilifurahi. Nikasema, basi, Victoire hakuja, hatuendi. Mara Noella anatoka chumbani amevaa blauzi isiyo na mikono. Tangu amekua sijamuona hivyo. Kumbe barua yako aliitoa chini ya godoro langu akaisoma. Akasema, "Shangazi, uje au ubaki." Kwa adabu, hakupandisha sauti. Nikatafuta fimbo yangu, nikaenda.

Wakaita. Akasimama. Kijana akazungusha utepe, akaangalia, akazungusha tena. "Nyekundu. Kumi na tisa na nusu." Halafu akafunua karatasi zake za Januari. "Noella huyu aliandikwa ishirini na saba." Kidole kikashuka chini. "Irankunda, ishirini na saba. Huyu hapa, ishirini na saba. Na huyu. Wote walikula samaki, maharagi, yai, avoka na maziwa." Akainua kichwa. "Wamama, hiki kijiji kina mukono mumoja?"

Muntu akacheka, mwingine akamfuata. Nyuma Chérie akapiga kelele, "Munacheka nini? Nilikosa kazi siku tatu juu yenu, na hakuna aliyenipa hata asante!"

Mama Sévère akasimama benchi ya mbele. Nikasema, posa ndiyo hiyo imeanguka. Akaja mpaka nilipokaa, akainama kwenye sikio langu. "Mama, Alhamisi ile nilikiona kile kitenge. Nikasema, huyu mama ana akili. Ijumaa nikamtafuta Chérie." Akamvuta binti yake Irankunda, akampandisha nguo yeye mwenyewe. Nyekundu. Baada ya hapo walisimama mumoja mumoja, hakuna aliyeitwa kwa nguvu.

Sasa sikia sehemu mbaya. Kadi za Januari zilienda kwingine, juu kwetu tuliandikwa watu walioshiba. Karatasi mupya inaenda kwa wakubwa, majibu labda mwezi wa tano. Miezi hiyo yote wasichana wa hapa wamekosa maharagi kwa ajili ya kitenge kimoja, na kitenge kilitoka kwangu. Hilo nimelibeba. Usiniandikie juu yake, siyo sasa.

Kituo cha afya wamempa Noella vidonge vya damu, na muganga amesema asishike mimba mwaka huu. Nilimpelekea Mama Sévère neno kwamba tusubiri mavuno ya mwaka kesho. Alikubali haraka mno, nadhani na yeye anatafuta sahani. Za kwangu nimeziweka juu ya kabati. Mayai hayaendi tena Kavimvira.

Umejibu uliyoulizwa, basi na minye nijibu. Jana Noella alikula bugali, maharagi, lengalenga za mawese, na yai moja. Alilila polepole, akiniangalia kama nitamnyang'anya.

Minye nilikula yai moja. Nilingoja Noella aende kuchota maji. Nililipika, nikalila nimesimama nyuma ya mulango, mbiombio kama mwizi, na maganda nikayafukia. Nina miaka hamsini na sita. Leo nitakula nimekaa.

Sasa weye. Jana ulikula nini? Mpe Mama Candide jibu palepale, anangoja. Na usiniandikie chakula cha Chérie.

Geneviève